Njia inapita katikati ya ngano ya mtu, nipite au nirudi?

*Swali: Shikamoo dada. Nafanya kazi ya kuhudumia mzee, naishi humo humo nyumbani kwake, kijiji kiko kwenye vilima vya Chilterns upande wa Oxfordshire, Uingereza. Kila siku nina mapumziko ya masaa mawili, saa nane mpaka saa kumi, na nisipotoka nje nahisi nitachanganyikiwa. Binti wa mzee aliniambia kuna njia nzuri, inaanzia nyuma ya kanisa, inapita msituni, halafu mashambani, inazunguka mpaka inarudi kijijini. Nikajaribu. Msituni nikasikia kitu kinabweka na mbwa simwoni. Mbele njia ikaingia moja kwa moja kwenye ngano, nikasimama, na mkulima kwenye trekta naye akasimama ananiangalia tu. Nikazunguka pembeni ya shamba nikatokea kwenye uwanja wa ng'ombe, wakaja mbio kundi zima, nikakimbia, nikaruka waya, suruali ikachanika. Sasa natembea barabarani tu. Mimi nimekulia Lushoto, kupita shambani kwa mtu si ajabu kwangu, lakini huku niko kwa viza, naogopa kuitwa mvamizi nikaharibu kila kitu. Nilikuwa na haki ya kupita? Na wale ng'ombe ningefanyaje?*

Marahaba mdogo wangu, na pole na suruali. Kabla sijaenda mbali, ule waya ulichana nguo tu au ulifika mpaka kwenye ngozi? Kama ulikukwaruza hata kidogo na hukumbuki mara ya mwisho ulichomwa lini chanjo ya pepopunda, piga simu kwa GP wako, yaani daktari uliyejiandikisha kwake, leo uulize, usisubiri kidonda kibadilike rangi. Hilo tuliweke pembeni tuendelee.

Nikikuelewa vizuri una hofu mbili, ya mwenye shamba na ya ng'ombe, na naona yule mwenye shamba ndiye amekukosesha usingizi zaidi, ng'ombe umewaweka mwishoni. Mimi ningegeuza. Mkulima hawezi kukufanya kitu kikubwa ukiwa kwenye njia. Ng'ombe anaweza. Na kuna hatari ya tatu ambayo hata hukuiuliza, hiyo barabara uliyokimbilia, nayo nitaifikia. Mimi naongoza matembezi ya vijijini huku, wengi ninaotembea nao ni watu wetu, tena wengi wanafanya kazi kama yako, na hili swali la "nipite nisipite" linakuja kila msimu.

Tuanze na haki. Kwenu Lushoto njia inayopita kwenye kabichi za mtu haina karatasi popote, watu wanapita kwa sababu wamepita siku zote, unamkuta mwenye shamba unamwambia pole na kazi, anakujibu, basi. Huku mambo yalianza hivyo hivyo. Watu walipita kwenda kanisani, kusaga unga, sokoni, kazini kwenye mashamba makubwa, njia ikajichora. Tofauti ni kwamba hapa sheria ikaja ikaiandika. Tangu 1949 kaunti zinatakiwa kuwa na ramani rasmi ya njia za umma, na njia ikiwa imo kwenye ramani hiyo ni ushahidi tosha, hakuna wa kubishana nawe. Hata njia isiyokuwemo inaweza kuingizwa kama watu wameitumia wazi wazi miaka 20 bila kuomba ruhusa na bila kuzuiwa, hiyo iko kwenye sheria ya barabara ya 1980. England na Wales zina njia za namna hii takribani kilomita 225,000. Njia inayoanzia nyuma ya kanisa la kijiji, yaani hapo hata sina wasiwasi sana, lakini usinichukulie mimi, kaangalie ramani.

Sasa sikiliza, hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Ardhi ni ya mkulima, mazao ni ya mkulima, lakini haki ya kupita kwenye ule mstari ni ya umma, na wewe ni umma, uwe na pasipoti ya Uingereza, uwe na viza ya kazi, uwe mtalii wa siku mbili. Hakupi yeye kwa hiyo hawezi kukunyang'anya. Ila haki hiyo iko kwenye mstari peke yake. Unaruhusiwa kupita, kusimama kupumzika, kupiga picha, kula mkate wako. Huruhusiwi kuzurura uwanja mzima.

Kwa hiyo siku ile, kama njia yako ni ya umma, kukanyaga kwenye ngano pale njia inapoingia ilikuwa halali kabisa, na kuzunguka pembeni kwa adabu ndiko kulikokutoa kwenye haki yako! Najua inasikika kichekesho, sisi tumelelewa kwamba chakula hakikanyagwi. Lakini kwa sheria yao mkulima anaruhusiwa kulima juu ya njia inayokatiza katikati ya shamba kama hana namna nyingine, akishalima ana siku 14 za kuirudisha ionekane na ipitike, na zao likiota lazima aache nafasi ya angalau mita moja kwa njia ya miguu. Njia inayopita pembeni ya shamba haruhusiwi kuilima kabisa. Asipotimiza, kosa ni lake, wewe unanyoosha moja kwa moja kufuata mstari, mkiwa wengi mnapanga foleni ili msiharibu zaidi ya inavyobidi. Sasa kuna msimu lile zao la maua ya njano la kukamulia mafuta linakufika kifuani na limelowa, hapo hata mimi nikiwa na haki zangu zote naangalia kama kuna njia nyingine, nafika nyumbani naripoti kaunti.

Na yule wa trekta? Mara nyingi akisimama anakusubiri upite, hasa akiwa amevuta mashine ya kupulizia dawa, hawezi kuendelea na mtu yuko karibu. Nyinyi wawili mlikuwa mnangojeana. Lakini sitakudanganya, wapo wanaoangalia kwa sababu uso wako ni mgeni kijijini na rangi yako nayo ni ngeni, hilo lipo, tumelipitia. Dawa yangu ni ile ile ya nyumbani, nyoosha mkono juu, msalimie kwa sauti, endelea na safari bila kuharakisha. Akisema hapa si njia, mwoneshe ramani. Akiwa mkali usibishane, rudi, andika saa na mahali, ripoti kwa kitengo cha njia za umma cha kaunti. Akikutishia au akakutolea maneno ya ubaguzi hiyo ni ishu ya polisi, si ya ramani tena.

Kuhusu viza. Kwa England na Wales, kuingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa kwa kawaida si kosa la jinai, ni jambo la madai baina yako na mwenye ardhi. Vile vibao vya kutishia kwamba wavamizi watashtakiwa vina maneno makubwa kuliko nguvu yake. Ukiambiwa umetoka nje ya njia, omba radhi, uliza njia iko wapi, ondoka, imeisha, hakuna rekodi ya jinai inayoandikwa kwa kupotea shambani. Isipokuwa sehemu chache ambazo kweli ni jinai: reli, kambi za jeshi na baadhi ya maeneo maalumu yaliyotangazwa, na kuingia kwa nia ya kuvuruga kazi halali za watu. Hizo usiziguse hata kwa kukata kona. Kibao cha kusema ni mali binafsi mara nyingi kinahusu gari, barabara ya vumbi ni ya mwenye shamba lakini njia ya miguu inapita humo humo. Na ikitokea siku polisi wanataka kukuandikia kitu, onyo rasmi au faini, usikubali kusaini kwa haraka ili yaishe, kituoni ushauri wa wakili ni bure, na baadaye mtafute mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, maana mambo ya viza hayajibiwi na mtu wa matembezi kama mimi.

Hizi haki wenyeji nao walizigombania jamani. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wafanyakazi wa viwandani Manchester, walipanda Kinder Scout kwa makusudi huku walinzi wa matajiri wakiwazuia, na baadhi yao wakafungwa jela. Sheria ya 2000 ndiyo ikafungua milima, nyika na ardhi za wazi zilizochorwa rasmi, huko unatembea hata nje ya njia. Ila msitu wa kawaida na shamba la ngano havimo. Na ukisikia rafiki yako wa Scotland anasema yeye anapita karibu popote, ni kweli, wana sheria yao ya 2003, usimwige huku.

Utaijuaje njia? Mishale. Wa njano ni wa waenda kwa miguu, wa buluu ni wa farasi na baiskeli na wewe pia unapita. Lakini mishale inavunjika, inafunikwa na majani, kwa hiyo ramani. Nunua ile ya Ordnance Survey aina ya Explorer, kwenu upande huo ni namba 171, ni ya kipimo cha 1:25,000 na inaonesha mpaka uzio wa kila shamba, hiyo ndiyo itakayokuambia njia iko kulia au kushoto ya uzio. Njia za umma ni vistari vya kijani. Vistari vyeusi vinaonesha kwamba kuna njia ardhini tu, havisemi kama una haki ya kuipita, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Ramani za kawaida za kwenye simu hazitofautishi kabisa. Kama hela ni ishu, kaunti yenyewe ina ramani ya njia kwenye tovuti yake, bure, piga skrinshoti kabla hujatoka maana mtandao kule mabondeni unakatika.

Haya, ng'ombe.

Lushoto ng'ombe wengi wako bandani wanakatiwa majani, na akitoka ana mtu na fimbo nyuma yake. Huku wanaachiwa uwanja mkubwa, hawana mchungaji, na ndiyo maana hukuzoea kundi linalokujia lenyewe. Elewa kwanza kinachoendelea kichwani mwake. Ng'ombe kaumbwa kuwa windo la wanyama wakali, macho yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, lakini kupima umbali si mzuri. Akiona kitu kigeni anataka kujua ni cha kukimbiwa au cha kuchunguzwa. Sasa maksai wachanga na mitamba wakiwa kundi wanakuwa kama vijana wa kijiweni, hakuna anayetaka kubaki nyuma, mmoja akianza mbio wote wanakuja, tena wamezoea mtu akiingia uwanjani ana chakula. Wanakuja mbio wanasimama mita chache wanakupulizia pua. Ukikimbia wanaongeza mbio, si kwa hasira, ni mchezo, lakini mchezo wa mnyama wa nusu tani ukianguka mbele yake unakuumiza vile vile. Kwa ulivyoeleza, kundi zima linakuja mbio mbio, nahisi wako walikuwa hao. Ningekuwa nawe uwanjani ningekwambia geuka waangalie, simama imara, nyoosha mikono iwe mipana, ongea kwa sauti nzito isiyo ya woga, halafu tembea taratibu kuelekea geti huku unageuka geuka. Wanasimama. Wakisogea tena unarudia.

Mwenye hatari hasa ni mama mwenye ndama. Huyo hachezi. Wakati mwingine ndama amelala kwenye majani humwoni, wewe unapita katikati yao bila kujua, yeye anaona mwizi wa mtoto. Ukiwa na mbwa ndiyo kabisa, kwa ng'ombe mbwa ni mbwa mwitu tu. Nalitaja hilo la mbwa kwa sababu nyinyi mnaofanya kazi majumbani mnapewa mbwa wa mzee mumtembeze: mbwa anakuwa kwenye kamba, lakini ng'ombe wakikujia achia kamba, mbwa ana mbio kuliko wewe na wao wanamtaka yeye. Kila mwaka Uingereza kuna watu wanauawa na ng'ombe, wengi ni wafanyakazi wa mashamba wenyewe, na kwa wapita njia mara nyingi unakuta palikuwa na ndama au mbwa. Sikutishi, nataka tu uwe unaangalia kabla ya kufungua geti.

Yaani simama getini dakika nzima. Wako wangapi, wako wapi, kuna ndama? Geti la kutokea liko wapi, na uzio wa karibu ni upi kama mambo yakiharibika? Kama wako juu ya njia, zunguka mbali nao, hata kama unatoka kidogo kwenye mstari, mwongozo rasmi wenyewe unasema utafute njia salama ya kuwapita, ukishawapita unarudi kwenye mstari. Usipite kati ya mama na ndama, usimguse ndama hata akikujia mwenyewe. Ukiona mmoja ameinamisha kichwa, anakwangua chini kwa mguu, anakoroma, huyo anakuambia rudi, na wewe rudi taratibu bila kumpa mgongo. Geti uliache ulivyolikuta. Na kama uwanja haukuridhishi, usiingie. Hakuna anayekupa zawadi kwa kumaliza mzunguko.

Fahali je? Sheria ya 1981 inakataza fahali wa aina za ng'ombe wa maziwa, wale kama Holstein na Jersey, aliyezidi miezi 10 kuwekwa uwanja wenye njia ya umma. Wa aina za nyama anaruhusiwa akiwa na majike. Wewe hutajua aina kwa mbali, hata mimi wakati mwingine sijui, kwa hiyo ukimwona mwenye shingo kama gunia, kaa mbali naye.

Msituni ni kuzuri kuliko unavyodhani. Ile miti mirefu yenye gome laini la kijivu ndiyo iliyotengenezea viti vya High Wycombe enzi hizo, na ukipita mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei chini unakuta kumetandikwa maua ya buluu tupu. Kilichobweka kuna uwezekano mkubwa ni muntjac, paa mdogo asili yake China, amezaliana sana maeneo hayo na anabweka utafikiri mbwa amefungwa, anaweza kurudia hivyo muda mrefu, muache. Ndege wakubwa wenye mkia uliogawanyika mwishoni wanaokuzunguka juu ni mwewe wekundu, walirudishwa hapo kutoka Hispania kati ya 1989 na 1994, na chakula chao kikubwa ni mizoga, hawana shida na wewe. Ukisikia milio ya bunduki, mingine ni mashine za gesi za kufukuza ndege kwenye mazao, ila kuanzia Oktoba mosi mpaka Februari mosi kuna uwindaji wa ndege kweli, vaa kitu cha rangi kali na kaa kwenye njia. Siku ya upepo mkali usiende, matawi yanadondoka.

Kinachotakiwa kukushughulisha msituni ni kupe. Ni wadogo, wengine kama mbegu ya ufuta, wanapatikana zaidi kuanzia machipuko mpaka vuli, na baadhi wana ugonjwa wa Lyme. Ingiza suruali kwenye soksi, ukirudi jikague nyuma ya magoti, kwenye kinena, kwapani, mstari wa nywele. Ukimkuta usimpake mafuta wala usimchome kwa kiberiti, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute polepole kwenda juu, halafu osha. Kisha jiangalie. Alama huwa inatokea ndani ya wiki nne lakini inaweza kuchelewa mpaka miezi mitatu, ni duara linalotanuka, na kwenye ngozi zetu nyeusi halionekani jekundu kama kwenye picha za madaktari, linaweza kuonekana kama sehemu imevilia damu tu. Ukiliona, au ukipata homa na uchovu usioeleweka baada ya kuumwa, nenda kwa GP umwambie waziwazi kwamba uliumwa na kupe, usimwachie akisie. Ikiwahiwa inatibika kwa dozi ya antibayotiki.

Nirudi kwenye barabara. Zile barabara nyembamba za vijijini zenye uzio wa miti pande zote hazina pa kukanyaga mtembea kwa miguu, na nyingi gari linaruhusiwa mpaka maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97. Kwangu mimi hiyo inanitisha kuliko maksai. Ukilazimika, tembea kulia ukiangalia gari zinazokuja, kwenye kona kali ya kulia vuka mapema uende upande wa pili ili dereva akuone, na vaa kizibao cha kung'aa.

Ningekuwa wewe ningefanyaje? Kwanza ningemwomba yule binti wa mzee siku akija mtembee wote mzunguko mzima mara moja, akuoneshe na uwanja wenyewe, na kijijini wakuone uko naye, hilo linasaidia kuliko ramani tatu. Ukiwa peke yako, anza na kipande cha msituni, kwenda na kurudi njia ile ile. Mwachie mzee karatasi mezani umeelekea wapi na utarudi saa ngapi. Simu iwe na chaji, na jisajili kwenye huduma ya dharura kwa meseji, unatuma neno "register" kwenda 999 na unafuata maelekezo, maana kuna mabonde kupiga simu kunagoma lakini meseji inapenya. Viatu vya kushika ardhi, mvua ikinyesha gambuti, udongo wa huko ni mfinyanzi unateleza vibaya.

Na ng'ombe hawakai uwanja mmoja mwaka mzima, wanahamishwa, kwa hiyo uliza kijijini mwezi huu wako wapi. Kuanzia Novemba hivi mashamba mengi yanawaingiza bandani mpaka machipuko, na hapo mzunguko wako unakuwa mwepesi, ila Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni na msituni giza linaanza mapema zaidi, hivyo kwa masaa yako ya mapumziko inabidi saa tisa na nusu uwe umeshatoka kwenye miti. Jaribu kumuuliza ajenti wako wa kazi kama miezi hiyo mapumziko yanaweza kusogezwa yaanze saa sita.